Boksi la Maswali na Kanuni ya Kumi na Nne

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, ambaye leo ndiye mgeni wetu rasmi. Mkuu wa Shule. Walimu wenzangu, mlio kazini na mliostaafu kabla yangu mkaniachia zamu zenu. Muuguzi wetu wa zahanati ya jirani. Wazazi na walezi. Wanafunzi wangu mliopangwa kwenye mabenchi tangu asubuhi mkiambiwa mtulie. Na wewe, fundi viatu, uliyekaa karibu na mlango ili uweze kutoroka nikianza kukutaja: nawasalimu nyote kwa heshima, kila mmoja kwa nafasi yake, na kama kuna niliyemruka anisamehe aseme ni uzee, maana kuanzia kesho nina kibali cha kuutumia uzee kama kisingizio.

Ratiba niliyopewa inasema "neno la shukrani, dakika kumi." Naona waliopita darasani kwangu wanacheka, kwa sababu wanazijua dakika kumi zangu. Mwenyekiti naye nimemwona akiibia jicho saa yake. Usiwe na wasiwasi, mheshimiwa. Kikao cha bodi ni saa tisa, nami nitamaliza kabla ya hapo, ingawa nitakayoyasema yanakihusu kikao hicho kuliko yanavyouhusu ustaafu wangu.

Nimesikia sifa zenu. Jamani, nimesifiwa hapa mpaka nikageuka nyuma kutazama huyo anayesifiwa ni nani! Mmesema kwa miaka thelathini na moja nimewafundisha watoto hatari za sigara, pombe na dawa za kulevya, mkasema nimeokoa vizazi. Mmenipa na kiti cha kupumzikia, kizuri, chenye mto wa mgongoni. Nawashukuru kutoka moyoni. Lakini mtu anapoaga kazi inafaa aseme na pale alipoteleza, la sivyo atakayepokea kijiti atateleza palepale, halafu naye siku moja aambiwe ameokoa vizazi.

Ninyi watu wazima mnaniita Mwalimu. Watoto, mkidhani sisikii, mnaniita Mama Pamba. Jina hilo nililipata mwaka wangu wa kwanza hapa, nilipotengeneza mtambo wa kufundishia: chupa ya plastiki iliyojaa maji, tundu dogo kwa chini, pamba nyeupe shingoni, na sigara mdomoni. Ukifungua tundu, maji yanatoka, chupa inavuta sigara yenyewe, na pamba inageuka rangi ya kahawia mbele ya macho ya darasa zima. Mtambo ulikuwa mzuri. Tatizo ni kwamba mwenye mtambo hakujua kuwasha sigara. Nilimaliza nusu kiberiti, mpaka nikamwita mzee aliyekuwa akipiga kengele ya shule, mvutaji wa siku nyingi, akaniwashia kwa njiti moja tu. Kisha akasimama pembeni kutazama, na akaanza kukohoa. Alikohoa, alikohoa, mpaka darasa likaiacha chupa likawa linamtazama yeye. Mtoto mmoja akamuuliza, "Mzee, na wewe una pamba ndani?" Mzee wa Kengele akajibu, "Ninayo, mjukuu wangu. Siku hizi nikipanda ngazi inanikaba."

Je, mnajua nilifanya nini? Nilimshukuru nikamwambia arudi kwenye kengele yake, anaharibu somo. Mtu mzima amewaambia watoto ukweli wake mwenyewe, kwa sentensi mbili, nami namfukuza ili niendelee na chupa!

Nikaendelea na chupa miaka mingi. Nikaongeza michoro ya ini na mapafu, nikaongeza orodha ya kila kilevi, jina lake, rangi yake, watu wanakokificha, na kinachotokea mwilini. Watoto walikuwa wakikariri kama wanavyokariri jedwali la kuzidisha. Mwaka mmoja nikawapa jaribio, na kidato cha pili chote, watu thelathini na tisa, wakapata alama zote. Nilivimba kichwa wiki nzima. Nikaipeleka orodha ya alama ofisini kwa Mkuu wa Shule wa wakati ule, nikijifanya nimeipeleka kwa bahati tu. Jumatano yake wakakutwa watatu nyuma ya tangi la maji, na sigara moja wanapokezana. Nilipoenda kutazama karatasi zao za jaribio, zilikuwa na alama zote, na mojawapo ilikuwa inanuka moshi.

Hapo ningejiuliza nafundisha nini. Sikujiuliza. Nilikasirika. Na nikikasirika, mnanijua, naandika.

Wakati ule nilikuwa mwalimu wa nidhamu. Kanuni ya kumi na nne ya shule ilisema kwamba mwanafunzi atakayethibitika kutumia kilevi cha aina yoyote, kwa kukutwa nacho, ataondolewa shuleni. Kati ya wale watatu, mmoja hakukutwa na kitu mkononi, alikubali tu mwenyewe, na baba yake akaja juu kwamba kanuni haisemi hivyo. Alikuwa na haki, haikusema. Basi nikachukua kalamu, nikaongeza maneno matatu baada ya "kwa kukutwa nacho": "au kwa kukiri." Bodi ikapitisha, nikaibandika kwenye mlango wa ofisi yangu, nikajiona nimeziba mwanya.

Mwaka uliofuata, katikati ya somo la ini, mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili akanyoosha mkono. Alikuwa mtoto mtulivu, haongei mpaka aulizwe. Akasimama akasema, "Mwalimu, mtu akishaanza, anaachaje?"

Wanangu, katika miaka thelathini na moja sijapata kuulizwa swali la maana kuliko hilo. Na mimi, mwalimu mwenye cheti, mwenye mtambo na michoro, nikamjibu nini? Nikamjibu, "Unamuulizia nani?" Darasa likaangua kicheko. Yeye akasema, "Nauliza tu, Mwalimu," akakaa. Nami nikageukia ubao, nikaendelea na ini. Muhula haukuisha kabla hajaacha kuja shule, na kwenye daftari la mahudhurio nikaandika "mtoro," kwa wino mwekundu, bila hata kuuliza nyumbani kwao.

Ikapita miaka kumi na miwili. Siku moja natoka sokoni, kisigino cha kiatu kikanitoka barabarani, nikachechemea mpaka kwenye kibanda cha fundi. Nikakaa kwenye kigoda, mguu mmoja mtupu. Fundi akaninyanyulia macho, akacheka: "Mama Pamba!" Alikuwa yeye. Akashika kiatu changu, akaanza kukishona. Nikatazama huku na huku, nikaona uzi, sindano, nta, misumari, vipande vya ngozi. Nikamuuliza, "Gundi yako iko wapi?" Akasema, "Hapa tunashona tu, Mwalimu. Gundi haivuki huo mlango." Wateja wake mnasifu kwamba soli zake hazibanduki, sasa mmejua sababu. Alipokuwa mwanafunzi, alikuwa akitoka shule anakwenda kumsaidia mjomba wake kazi ya viatu, na huko ndiko alikoanza kunusa gundi. Kuacha kulimchukua miaka sita, akirudi nyuma mara nne, akisaidiwa na kliniki ya hospitali na shangazi yake, ambaye hakuwa na elimu yoyote ya dawa ila hakuchoka kumsikiliza.

Akaniambia, misumari miwili ikiwa katikati ya meno, "Lile swali nililifanyia mazoezi wiki nzima. Njiani, bafuni, kila mahali. Nililikariri kuliko kitu chochote ulichotufundisha."

Nikamwambia, "Mwanangu, mbona hukunifuata ofisini?"

Akatoa misumari mdomoni. "Nikufuate ofisini, Mwalimu, na kanuni ya kumi na nne umeibandika mlangoni?"

Hakusema kwa hasira, na afadhali angesema kwa hasira. Roho ilinisuta mpaka nikashindwa kuinua uso. Nikamuuliza ningefanya nini. Akafikiri kidogo, akasema, "Ungetuandikisha sote. Hata asiye na swali aandike kwamba hana. Kalamu zote zingekuwa zinaandika, nani angejua kwamba ni mimi?" Kisha akanyoosha mkono kwenye rafu, akashusha boksi tupu la viatu, akalitoboa tundu juu kwa kisu chake, akanipa. Nilirudi nyumbani na kiatu kizima, boksi kwapani. Fundi, nilikuomba ruhusa ya kusema haya ukanipa, kwa hiyo usitikise kichwa sasa hivi.

Hilo boksi ndilo somo langu la miaka tisa iliyopita. Kila Ijumaa kila mtu anaandika kwa herufi kubwa ili mwandiko usijulikane, asiye na swali anaandika "Sina swali," na Ijumaa inayofuata nayajibu yote, hata ya utani, na nisilolijua nasema silijui. Loo, wazazi wenzangu, mngesoma yale maswali! "Mbona babu anavuta na ana miaka themanini?" "Shangazi anasema bia inaongeza damu, kweli?" "Nitamkataaje rafiki bila kuonekana mshamba?" Hilo tulilifanyia mazoezi wawili wawili, wakitafuta maneno yao wenyewe, na nikagundua kwamba kupaza sauti "hapana" darasani ni kazi nyepesi, ngumu ni kumwambia rafiki yako mmoja, taratibu, huku bado unataka abaki kuwa rafiki yako. Mwingine aliandika, "Mama akinywa ananipiga, nifanye nini?" Hilo sikulijibu mbele ya darasa. Nilisema tu nitakuwa chini ya ngazi za maktaba kila mapumziko nikisahihisha madaftari, na anayetaka aje. Ilichukua wiki tatu, akaja. Na mmoja, kila wiki, bila kukosa, anauliza kama nywele zangu ni zangu. Namfahamu, amekaa benchi la nne, anatazama dari.

Waliniuliza pia kama mimi sijawahi kuonja. Nikawaambia nilionja, kwenye harusi ya dada yangu, glasi tatu, nikamtukana mkwe wetu mpya kwa jambo ambalo mpaka leo silikumbuka, ila yeye analikumbuka. Walicheka, na wiki ile boksi lilijaa maswali kuliko wiki yoyote. Ndipo nikamwelewa Mzee wa Kengele, Mungu amrehemu.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nisilale vizuri mwezi huu.

Muhula huu, katika boksi la kidato cha tatu, nilikuta karatasi yenye maneno mawili: "NIKISEMA, MTANIFUKUZA?" Niliisoma kwa sauti darasani. Nikasema, "Hapana. Njoo useme. Hakuna atakayekufukuza kwa kusema." Nilisema kwa moyo wangu wote. Yale maneno yangu matatu ya miaka ishirini na mbili iliyopita nilikuwa nimeyasahau. Haki ya Mungu, nilikuwa nimeyasahau!

Jumatatu, wakati wa mapumziko, akaja chini ya ngazi za maktaba. Ni golikipa wa timu yetu ya wasichana, na kwa kuwa ninyi wenyewe mnamwita Kipa, nami nitamwita hivyo. Kabla hamjanong'onezana, jueni kwamba nimemwomba ruhusa yeye na mama yake. Yeye alinijibu, "Sema, Mwalimu. Wote wanajua nimefukuzwa. Hawajui kwamba nilikuja mwenyewe." Alikuwa ameshika glavu moja ya ugolikipa, na ndani ya glavu kulikuwa na chupa ya dawa ya kikohozi, imebaki robo. Hakuwa na kikohozi. Alipewa na wenzake kwenye chumba cha kubadilishia nguo, kabla ya mechi, wakamwambia inaondoa woga. Na kweli siku ile woga uliondoka. Baadaye akainywa kabla ya mitihani, baadaye kabla ya shule, mpaka ikafika asubuhi ambazo mikono inatetemeka asipoipata. Akaiweka chupa juu ya madaftari yangu, akasema, "Ulisema hapana. Ndiyo nimekuja."

Nilimpeleka kwa muuguzi saa ileile, kisha nikaenda kwa Mkuu wa Shule, kwa sababu mtoto alihitaji matibabu na shule ilipaswa kujua. Mkuu wa Shule alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akafungua faili la kanuni, akanigeuzia ukurasa, akaniambia polepole, "Mwalimu, huu si mwandiko wako?" Ulikuwa mwandiko wangu. Kwa hiyo mtu asimlaumu Mkuu wa Shule. Alifuata sheria, na sheria niliiandika mimi.

Kipa akarudishwa nyumbani kusubiri bodi. Nilimsindikiza mpaka getini, alikokuwa akingojewa na mama yake. Hakulia, hakubishana. Alinitazama tu, akasema, "Mwalimu, si ulisema?" Nikamfunga kifungo cha sweta kilichokuwa wazi, kama vile ni hicho ndicho kilichomleta getini.

Ijumaa iliyofuata nikalipitisha boksi kama kawaida. Kidato cha tatu ni watu arobaini na wanne, sasa wamebaki arobaini na watatu. Kalamu zote ziliandika. Nikalipeleka chini ya ngazi, nikafungua. Karatasi ya kwanza: "Sina swali." Ya pili: "Sina swali." Ya kumi, ya ishirini, ya thelathini. Nikaligeuza boksi nikalitikisa, labda kuna iliyonasa. Arobaini na tatu zote, "Sina swali." Hata yule wa nywele zangu.

Mheshimiwa Mwenyekiti, mngeniuliza zamani ningesema hilo ni darasa lililofaulu. Leo nasema nililia palepale, na madaftari yakalowa, ukiona doa kwenye daftari lako mwanangu ujue si chai.

Sikuja hapa kuomba kwamba anayeuza vilevi shuleni aachwe atambe, wala kwamba anayekutwa apigiwe makofi. Ninaomba bodi ifute maneno matatu ya mwalimu aliyekuwa na hasira, na imrudishe mtoto darasani. Mwekeeni masharti. Muuguzi yupo hapa, atawaambia kwamba kwa wiki tatu hajakosa kliniki hata siku moja. Mwakani ana mtihani wa mwisho. Mama yake amekaa safu ya tatu, na koti la kazini, kwa sababu ameomba ruhusa ya saa chache tu. Mama, uliponiona getini uliniuliza, "Afadhali angenyamaza, au siyo?" Siku ile nilikosa ujasiri wa kukujibu. Leo nakujibu mbele ya watu wote: hapana, mama, mwanao alifanya sawasawa, tuliokosea ni sisi.

Na wewe mwalimu kijana unayepokea darasa langu, nakuachia mtambo, chupa na pamba, utavitumia. Kuwasha sigara utajitafutia mtu. Boksi nalo nakuachia, kona moja imelegea, fundi ataishona. Siku ukilifungua ukakuta watoto wote hawana swali, usifurahi. Jiulize umewafanya nini.

Kiti mlichonipa ni kizuri, lakini leo sitakikalia. Saa tisa nitakuwa kwenye benchi la mbao nje ya chumba cha mikutano, mimi na Kipa na mama yake, tukingoja mlango ufunguliwe. Na sasa, Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba uipokee karatasi hii. Ndiyo ileile, imetoka kwenye daftari la hesabu, na mwenyewe ameniruhusu nikupe. Ina maneno mawili tu: "Nikisema, mtanifukuza?" Mimi nilishajibu, na jibu langu limekuwa uongo. Uwezo wa kuligeuza liwe kweli hauko mikononi mwangu tena, uko mikononi mwako.

Nawashukuru nyote mlionipa masikio yenu leo, muda wote huu, bila kunikatisha. Saa tisa mpeni na yeye.